Mikono mitano ya sukari: shajara ya mradi wa kuzuia sumu ya kipindupindu

Wiki ya 1

Nimefungua daftari jipya leo, na ukurasa wa kwanza una swali moja tu: ikiwa sumu ya kipindupindu huingia kwenye seli za utumbo kwa kushika sukari iliyo juu ya seli, kwa nini tusiitangulizie sukari nyingine, ishike hiyo na kupita zake?

Kwa anayeanza kunifuata sasa, mambo yako hivi. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, hapenyi ndani ya seli zetu. Anajishikiza juu ya utumbo mwembamba na kumwaga sumu, na madhara makubwa yote yanatokana na sumu hiyo. S. N. De alilithibitisha jambo hili mjini Calcutta mwaka 1959. Alichukua maji ambamo bakteria walikuwa wameoteshwa, akawachuja wote wakaisha, kisha akayaingiza kwenye kipande cha utumbo wa sungura kilichofungwa pande zote mbili. Utumbo ulijaa majimaji ingawa bakteria hawakuwemo.

Sumu yenyewe ni protini yenye sehemu sita. Kuna sehemu A moja, ambayo ndiyo yenye makali, na sehemu B tano zilizojipanga kama pete chini yake. Kila B ina shimo dogo la kushikia sukari. Sukari inayotafutwa ni kichwa cha GM1, aina ya mafuta ya utando wa seli ambayo mkia wake umezama ndani ya utando na kichwa chake chenye sukari tano kimejitokeza nje. B tano zikishika vichwa vitano, sumu imetia nanga. Seli huimeza, kisha kipande cha A huchomoka na kwenda kukwamisha swichi ya protini Gs katika hali ya kuwaka. Kiasi cha cAMP, molekuli ya kupeleka ishara ndani ya seli, hupanda, milango ya kloridi hufunguka, chumvi hutoka na maji huifuata. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa.

Naandika haya kwa kirefu kwa sababu yote yanaelekea sehemu moja. A ni kimeng'enya. Ikishaingia, molekuli moja hufanya kazi tena na tena, na huko ndani hatuna namna ya kuifikia. Nafasi yetu ni zile dakika chache ambazo sumu bado inaelea nje.

Antibiotiki hufupisha ugonjwa, ila zinaua bakteria na hivyo zinawachagua walio sugu. Kizuizi cha sumu hakimuui bakteria yeyote pale utumboni, wala bakteria hana sababu kubwa ya kukikwepa. Na sitaki mtu anielewe vibaya: tiba ya kwanza ya kipindupindu ni kurudisha maji na chumvi mwilini, na itabaki hivyo. Inanigusa kuona kwamba hata pale sukari ndiyo inayookoa. Glukosi iliyo kwenye maji ya chumvichumvi huvuta sodiamu kupita ukuta wa utumbo kwa mlango ambao sumu haiufungi, na maji hufuata. Ndoto yangu ni kampaundi inayoyeyuka ndani ya maji hayohayo.

Wiki ya 3

Jaribio la kupimia hatimaye linafanya kazi, baada ya kunisumbua siku sita.

Tunatumia sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Kila kishimo kinapakwa GM1, kisha tunatia sehemu B peke yake, bila A, kwa hiyo haina madhara. B imeunganishwa na peroksidasi, kimeng'enya kinachogeuza kiowevu kisicho na rangi kuwa cha buluu. Asidi ikiongezwa, buluu inageuka njano, na mashine inasoma ukali wake kwenye nanomita 450. B ikishika GM1, kishimo kinakuwa njano. Kizuizi kikifanya kazi, kishimo kinabaki cheupe.

Siku tano za kwanza vishimo vyote vilibaki vyeupe, vyenye kizuizi na visivyo nacho. Nilibadilisha B nikatia mpya, kisha nikabadilisha kiowevu cha rangi. Siku ya sita nikaitazama bafa, yaani maji ya kuoshea vishimo, kana kwamba sijawahi kuiona: ina sabuni kidogo, kama ilivyo desturi ya maabara nyingi. GM1 haikugundishwa kwenye plastiki kwa kifungo chochote cha kikemia. Imeegemea tu kwa mkia wake wa mafuta, na sabuni kazi yake ni kuondoa mafuta. Nilikuwa naosha kipokezi chenyewe na kukimwaga kwenye sinki. Nikaosha kwa bafa isiyo na sabuni, na baada ya nusu saa sahani nzima ikawaka njano.

Galaktosi tupu imepimwa. Inazuia, lakini kwa ukolezi wa makumi ya milimola, ambao haufai kitu. Nilitegemea hivyo. Kichwa kamili cha GM1 hushikwa kwa nguvu inayohesabiwa kwa makumi ya nanomola, yaani galaktosi peke yake ni dhaifu mara laki kadhaa. Picha za fuwele zinaonyesha sababu. GM1 huibana sumu kwa vidole viwili: galaktosi ya ncha na jirani yake upande mmoja, asidi ya sialiki upande wa pili kama dole gumba. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Njia mbili ziko mbele yangu. Ya kwanza ni kutengeneza kichwa chote cha GM1, kazi ndefu na ya gharama. Ya pili ni kubaki na galaktosi nyepesi na kuifanya ishike sehemu tano kwa mpigo. Nimechagua ya pili.

Wiki ya 5

Wiki hii sijagusa pipeti. Nimekaa na karatasi, rula na urefu wa mikono.

Wazo la mikono mingi si langu. Mwaka 2000 kundi la David Bundle nchini Kanada lilichapisha molekuli waliyoiita Starfish, ya kuzuia sumu inayofanana na ya Shiga, sumu ya bakteria wa kuhara damu. Sumu hiyo nayo ina pete ya B tano, ila inatafuta sukari nyingine, Gb3. Molekuli yao ilikuwa na mikono mitano, kila mmoja ukiwa na sukari mbili nchani, na ilizidi sukari moja iliyo peke yake kwa mara zaidi ya milioni. Mwaka huohuo kundi la Erkang Fan na Wim Hol nchini Marekani lilionyesha jambo kama hilo kwa sumu ya E. koli iliyo ndugu wa karibu wa sumu ya kipindupindu, wakitumia galaktosi kwenye mikono ya urefu mbalimbali.

Ukiwa na sukari moja, inashika na kuachia, inashika na kuachia, na kila ikiachia inapotelea majini. Zikiwa tano zimefungwa pamoja, moja ikiachia, nne bado zimeshika, nayo inaning'inia palepale mlangoni hadi irudi. Ili sumu iondoke inabidi zote tano ziachie kwa wakati mmoja, jambo ambalo hutokea kwa nadra sana.

Lakini urefu lazima ulingane. Kutoka shimo moja la B hadi la jirani ni karibu nanomita 3, kwa hiyo kutoka katikati ya pete hadi shimo ni kama nanomita 2.5. Hesabu ya haraka inasema mkono wa polietilini glikoli wenye vipande saba ungefika, maana kila kipande kikinyooshwa kina urefu wa zaidi kidogo ya theluthi moja ya nanomita. Nilikuwa nimeshaandika agizo la kununua. Kisha nikajiuliza: nani ameunyoosha? Majini mkono laini hujikunja na kujisokota, na wastani wa umbali kati ya ncha zake ni mfupi kuliko ule wa karatasini. Kuunyoosha hadi mwisho ni kuunyima uhuru wake wote, na gharama hiyo inakatwa kwenye nguvu ya mshiko. Ukiwa mrefu kupita kiasi nao unatangatanga, na ile faida ya kuning'inia mlangoni inapungua. Ninaoutaka ni mkono ambao hata ukiwa umelegea, ncha yake inazurura karibu na shimo.

Nimefuta agizo. Tutatengeneza urefu wa aina tatu na kuacha sumu yenyewe ituambie.

Wiki ya 8

Kemia imekwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Kiunzi cha katikati ni duara la atomu 15, kaboni 10 na naitrojeni 5, na kila naitrojeni ni mahali pa kuunganisha mkono. Upande mmoja tumeweka alkaini, upande wa galaktosi tumeweka azidi, na shaba kidogo kama kichocheo. Azidi na alkaini zikikutana penye shaba, zinaungana na kuwa pete ndogo inayoitwa triazoli, na haziachani tena. Spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, inaonyesha mikono mitano, hakuna molekuli yenye minne.

Nimetengeneza pia ndugu yake wa kulinganishia: kiunzi kilekile, mikono ileile, lakini nchani ni glukosi badala ya galaktosi. Sukari hizi mbili zinatofautiana kwa hidroksili moja tu, ile ya kaboni ya nne, iliyoelekezwa upande mwingine. Sumu ya kipindupindu haiitaki glukosi. Kampaundi ya glukosi ikizuia, basi kuna kitu kisicho sawa.

Unga wa zote una rangi ya kijani hafifu sana, unaiona ukiweka chupa mbele ya karatasi nyeupe. Nimeandika na kuendelea.

Wiki ya 9

Leo nimetetemeka nikishika sahani. Kampaundi ya mkono wa kati imefuta rangi safu baada ya safu. Vishimo vilivyokuwa na ukolezi ambao galaktosi tupu isingefanya lolote vilikuwa vyeupe kama maji. Mchoro ulishuka kwa mteremko mzuri ambao kila mtu wa fani hii huuota. Hata ya mkono mfupi imefanya kazi. Nilimtumia mwalimu wangu picha nikiwa bado na glovu.

Nimelala saa mbili. Sikuweza kutulia.

Wiki ya 10

Kijana ninayefanya naye kazi benchi moja aliniuliza asubuhi, bila kunitazama, huku akipanga ncha za pipeti:

"Dada, ile ya glukosi umeipima?"

Nilikuwa sijaipima. Niliiweka mwisho wa sahani, na sahani ilipojaa nikasema nitaipima kesho. Tuliipima wote wawili mchana huo. Glukosi nayo ilifuta rangi, karibu sawasawa na galaktosi.

Ilibidi nikae chini. Hidroksili imegeuzwa, mshiko haupaswi kuwepo, na vishimo ni vyeupe. Aliyefuta rangi, basi, hakuwa sukari.

Nikakumbuka ule ukijani. Nilichukua salfeti ya shaba tupu, isiyo na kampaundi yoyote, nikaitia kwenye safu mpya kwa ukolezi mdogo. Rangi ikafutika. Nikachukua kampaundi ya glukosi nikaiongezea EDTA, ambayo hukamata metali, na rangi ikarudi kishimo baada ya kishimo. EDTA peke yake haikubadilisha kitu.

Ni shaba ya kichocheo. Tuliosha, lakini triazoli hupenda shaba, na molekuli yetu ina triazoli tano zilizokaa karibu karibu kama vidole vya kiganja. Tulikuwa tumetengeneza kizuizi cha sumu na mtego wa shaba katika molekuli moja, na mtego ulijaa kabla haujafika kwenye sahani. Shaba hiyo ndiyo iliyokuwa inavuruga protini.

Nimemwandikia mwalimu kwamba picha za wiki iliyopita azifute. Jibu lake lilikuwa fupi: "Pole. Safisha, pima upya." Nimemshukuru huyo kijana, na nimemwambia kwa nini: angenyamaza, ningekwenda na mchoro ule hadi mbali.

Wiki ya 12

Kusafisha kumechukua siku tisa. Kwanza EDTA, kisha safu ya chembe zinazonasa metali, kisha kromatografia ya kutenganisha molekuli kwa ukubwa ili EDTA yenyewe iondoke, kisha kukausha kwa kugandisha. Kilichobaki chupani ni kitu cheupe, chepesi kama pamba iliyochambuliwa, kiasi kwamba ukifungua kifuniko kwa haraka kinaruka. Nilikiweka mbele ya karatasi nyeupe sikuona tofauti.

Glukosi ndiyo iliyopimwa kwanza safari hii. Sahani nzima njano. Nilishusha pumzi.

Galaktosi yenye mkono mfupi: bora kidogo tu kuliko galaktosi tano zilizoachwa huru. Haifiki. Mkono wa kati: inazuia kwa mikromola chache, yaani ina nguvu maelfu ya mara kuliko galaktosi tupu. Mkono mrefu haukuongeza kitu juu ya wa kati, na pengine umepungua kidogo, ila tofauti ni ndogo mno kuitegemea. Mchoro huu si mzuri kama ule wa wiki ya 9. Mteremko wake una nukta mbili zilizopotoka, na kila siku ninayorudia unatoka palepale. Huu naupenda.

Ili nisijidanganye kuhusu ukubwa wa hatua yetu, nimebandika ukutani kazi ya kundi la Bruce Turnbull la Leeds, Uingereza, ya mwaka 2014. Walichukua sehemu B ya sumu yenyewe, wakaibadilisha asidi amino moja ndani ya shimo ili isishike tena GM1, kisha wakaning'iniza vichwa vya GM1 juu ya pete hiyo. Kizuizi kikawa na umbo na kipimo kilekile cha sumu, shimo likitazamana na sukari, na kilifanya kazi kwa pikomola mia moja hivi. Sisi tuko nyuma yao mara makumi ya maelfu. Lakini wao wametumia sukari ngumu kutengeneza, nasi tunataka kujua galaktosi ya kawaida inaweza kufikishwa umbali gani.

Wiki ya 14

Swali lililobaki kuhusu sahani: je, molekuli moja inaikumbatia sumu moja, au inazishika mbili na kuzigandanisha? Mikono mirefu inaweza kufanya hivyo, na mgando nao hupunguza rangi. Tumepima ukubwa wa chembe kwa mtawanyiko wa mwanga. Ya mkono wa kati inabaki na ukubwa wa pete moja. Ya mkono mrefu inaonyesha chembe chache kubwa. Hiyo ya mkono mrefu nimeiacha bila majuto.

Jambo zito zaidi nimelikuta nikisoma usiku. Kwa miaka mingi GM1 imechukuliwa kuwa mlango pekee wa sumu hii, na sahani yangu imejengwa juu ya imani hiyo. Lakini ilishaonyeshwa kwamba panya wasio na GM1 bado hudhurika, na kwamba sehemu B ina mahali pa pili pa kushikia, ubavuni, panapopokea sukari zenye fukosi. Watu wa kundi la damu O, ambao sukari zao za damu huishia na fukosi, ndio wanaougua kipindupindu kwa ukali zaidi. Utumbo wa binadamu una GM1 kidogo sana na sukari za fukosi kwa wingi. Kwa hiyo kizuizi kinachoshinda kwenye sahani ya GM1 kinaweza kushindwa mbele ya utumbo wenyewe. Sioni njia ya kulikwepa hili zaidi ya kwenda kwenye seli.

La pili ni laktesi, kimeng'enya kilicho ukutani mwa utumbo mwembamba, ambacho hukata galaktosi iliyounganishwa kwa oksijeni namna ya kwetu. Tutabadilisha oksijeni hiyo kwa salfa. Kifungo cha salfa vimeng'enya vya aina hii hukishindwa.

Wiki ya 17

Tumehamia kwenye seli za utumbo zilizooteshwa, na sasa sumu ni kamili, A na B. Inafanyiwa kazi ndani ya kabati la usalama, glovu mbili mbili, na kila kinachoigusa kinalowekwa kwenye dawa kabla ya kutoka. Hatupimi tena rangi ya B. Tunapima cAMP ndani ya seli, ambayo ndiyo kelele inayopigwa A ikishaingia.

Sahani tatu. Ya kwanza, sumu na kampaundi vimechanganywa nusu saa kabla ya kugusa seli. Ya pili, vimetiwa kwa pamoja. Ya tatu, seli zimepewa sumu kwanza, na kampaundi imefuata nusu saa baadaye.

Ya kwanza: cAMP imeshuka sana, ingawa haikufika kwenye kiwango cha seli zisizopewa sumu, hata kwa dozi kubwa kabisa. Nadhani mabaki hayo ni ule mlango wa fukosi. Ya pili: imeshuka kwa karibu nusu. Ya tatu: hakuna tofauti na seli zilizopewa sumu bila kampaundi.

Nimeitazama sahani ya tatu muda mrefu. Kulikuwa na dawa iliyoitwa Synsorb Pk, chembe zilizopakwa sukari ya kunasia sumu ya Shiga utumboni. Ilipewa watoto ambao figo zao zilikuwa zimeshaanza kuharibika, na jaribio lililochapishwa mwaka 2003 halikuonyesha faida. Sumu ilikuwa imeshapita. Kila nikifikiria wazazi waliokubali watoto wao waingie kwenye jaribio lile, naona nina wajibu wa kuisema sahani ya tatu kwanza, kabla ya ile ya kwanza, kila nitakapoonyesha kazi hii. Kama kampaundi hii itakuwa na nafasi, ni kwa aliyekaribiana na mgonjwa na bado mzima, au kwa mgonjwa ambaye utumbo wake bado una bakteria wanaomwaga sumu mpya, ili seli ambazo hazijaguswa zisiguswe.

Kijana wa benchi ameshaanza kupima azidi ya fukosi. Tunataka kiunzi kilekile, mikono ya kati, kifungo cha salfa, galaktosi nchani na fukosi pembeni kwenye tawi fupi. Ameweka chupa ya glukosi mstari wa mbele kabisa, na ameiandikia kwa kalamu nene: HII KWANZA.